Kiroba cha Mawe Kando ya Kitanda

Harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na ya nguo zilizoloa mvua hunirudisha moja kwa moja kwenye banda la video la Nyakunguru, nikiwa na miaka tisa. Lilikuwa banda la mabati chakavu, lenye mabenchi yaliyochana sketi zetu na runinga moja juu ya kreti za soda. Pembeni alikaa mtu tuliyemwita Msemaji, ameshika kipaza sauti, akitutafsiria filamu za nje kwa Kiswahili kilichojaa Kikurya. Alikuwa anatia chumvi, tena nyingi, lakini nani alijali? Mama aliuza karanga za kukaanga mlangoni. Mimi niliingia bure, yeye hakuingia kamwe. Alisema hana muda wa kuhangaikia shida za watu wasiomjua, za kwake zinamtosha.

Shida yake ilikuwa kiroba. Baba, aliyekuwa mchimbaji mdogo, alipoondoka kwenda machimbo ya mbali aliacha kiroba cha mawe kando ya kitanda. Alimwambia mama yana dhahabu, yasiguswe mpaka arudi ayapeleke karasha, kwenye mashine ya mawe, yakasagwe. Kwa wachimbaji, mawe ya mtu hayaguswi. Hata mtoto anajua. Angerudi kabla ya mavuno. Mavuno yakapita, yakapita na mengine, na waliotoka huko wakatuambia ni mzima wa afya, ana nyumba na mke mwingine. Mama alisikia kama hajasikia. Bibi Nyangi, mama yake baba, alikuwa akituita twende kwake Nyanungu. Alimwambia mama, "Njoo ulime, mwanangu. Ng'ombe wa mahari walishakuleta kwangu, shamba ni lako." Mama akajibu kwamba akiondoka, mawe ya mwenyewe nani atayalinda? Subira yavuta heri. Bibi, ambaye hakuwa na simile hata kwa mwanawe wa kumzaa, akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, akaenda zake. Mimi nilikichukia kile kiroba. Nilikigonga kwa kidole cha mguu karibu kila asubuhi, na mdogo wangu alilala amejikunja kwa sababu kilikuwa kimekaa mahali pa miguu yake. Nilijiuliza kwa nini mama asiyapeleke karasha yeye mwenyewe, tujue moja. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba jiwe lisilosagwa halijakunyima kitu bado.

Jumapili moja baada ya kanisa mvua ilishuka ya ghafla, ikamsukuma mama ndani ya banda na karai lake la karanga. Filamu ilikuwa ya mwanamke anayehama kwa mkokoteni wa ng'ombe wawili, amepakia kabati kubwa lililofungwa, la mwanamume aliyemwacha. Njia nzima ilikuwa ya mlima. Sasa fikiria kuwaonyesha Wakurya ng'ombe anayeteswa! Banda zima lilimgeuka yule mwanamke. Wazee wa watu walisimama wakimwambia ashushe mzigo, kwani ng'ombe amemkosea nini, na mmoja akasema huyu hajafundishwa kwao. Hakuna aliyejali kabati lina nini. Mwishowe ng'ombe mmoja akapiga magoti. Mwanamke akashuka, akalitazama kabati kwa muda mrefu, akalisukuma likabiringika bondeni bila kulifungua. Akasema neno, na kwa mara ya kwanza Msemaji hakuongeza chumvi.

"Anasema: nilimpenda mtu, sikulipenda kabati."

Watu walishangilia, kwa ajili ya ng'ombe. Mama alikuwa analia. Nilitaka kumshika mkono, nikaona aibu, nikashika karai.

Kesho yake asubuhi alikifungua kiroba. Niliogopa sana, nikamuuliza baba akirudi itakuwaje. Alisema baba anapajua kwa mama yake, atatukuta huko. Mawe mengi tukayamwaga kwenye korongo la njiani ambako bodaboda zilikuwa zikikwama, na matatu makubwa akayafungia kwenye kanga. Tukaenda nayo Nyanungu, yakawa mafiga ya jiko letu. Moja lilipasuka kwa moto juma la kwanza, tukaparamia vipande kutafuta kinachong'aa. Wapi! Mama alicheka mpaka akakaa chini, na sijui kama nilikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo. Mdogo wangu akaanza kulala amejinyoosha.

Baba alikuja baada ya miaka saba, asubuhi, kakonda, na koti la kuazima. Tulimwamkia shikamoo. Alimsalimia mama yake, akazungusha macho nyumba nzima, kisha akauliza kiroba chake kiko wapi. Nilisogea mlangoni, kwa maana nilikijua kipigo chake. Mama alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga. Akaelekeza kidevu chini ya sufuria.

"Hayo hapo. Tunapikia."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Baba aliyatazama mafiga meusi, akavuta kigoda. Mama akampakulia kama anavyopakuliwa mgeni yeyote, bila kinyongo na bila kumsogelea. Baba alikaa siku mbili, akaondoka, na mama akawahi palizi.

Siku hizi mama anapikia gesi, na mafiga yamebeba pipa la maji ya ndama. Mimi nashona nguo mjini Mugumu. Mwaka jana mwanamume niliyetegemea kuolewa naye alikwenda zake, akaacha jaketi lake nyuma ya mlango wangu, na mimi, binti wa mama yule, nililipiga pasi kila mwezi. Yaani kupiga pasi! Nilipochoka nikampigia mama simu nikitegemea pole. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama jaketi ni zito, maana Nyanungu kuna baridi na ndama mdogo anatetemeka.

Nilimpelekea Jumamosi. Lilimtosha ndama vizuri sana.