Walisema Nimembemenda

Mimi ni mtu wa Lindi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanisikia naisema Mbeya akadhani nina kinyongo na mji. Mji haukunikosea kitu. Kinyongo changu ni cha nyumba moja, na wengi waliokuwa ndani yake wamekwisha kufa, na kufa kwao hakujanipunguzia hata chembe.

Niliolewa miaka ile ya hamsini na kijana ambaye baba yake aliondoka pwani zamani akafungua duka la vitambaa Mbeya. Tulisafiri kwa malori. Iringa tulilala kwa dada yake mume wangu, aliyekuwa ameolewa hapo. Wifi huyo alinipikia wali, akanitandikia, akaniambia, "Karibu kwetu, wifi. Ila mama, utamweza?" Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mawifi.

Mama mkwe sikumweza. Alikuwa mjane, nyumba yake, duka lake, na mwana wake. Mimi nilikuwa mzigo ulioshushwa kwenye lori pamoja na majora ya kanga, na majora angalau yalikuwa yanauzika.

Kwetu mwanamke akizaa huwa mikononi mwa mama yake. Mama ndiye humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo, humpikia uji wa pilipili manga, humkalia mlangoni asiingie mwenye jicho baya. Mpaka arobaini itimie, mzazi hagusi sufuria wala hakanyagi uani. Mama yangu hakuja. Baba alikuwa kitandani hajiwezi, na nani angemwacha mtu wa hivyo apande lori kwenda bara? Kwa hiyo mama mkwe akanikanda yeye.

Nilijifungua binti mwezi wa Julai. Asiyeijua Julai ya Mbeya asinihadithie baridi. Ukungu ulikuwa unashuka mlimani hadi kizingitini, na asubuhi majani ya uani yamekuwa meupe kwa umande ulioganda. Maji ya kunikandia yalikuwa ya kubambua ngozi, na yakishanimwagikia, upepo wa chini ya mlango unayapoza mgongoni. Yule mama alikuwa anakanda kama anayefua magunia. Nikilia, ananiambia, "Wenzako wanazaa saba kimya. Wewe kitoto kimoja tena cha kike, makelele mpaka sokoni."

Kile kitu sijui kiliniingia siku gani. Najua tu kwamba nilikuwa namtazama mtoto na kumwona ni wa mtu mwingine, nimepewa nimshike kidogo mwenyewe anakuja. Akilia nilimsikia kama unavyomsikia mtoto wa jirani. Uji ulikuwa unaganda utando kando ya kitanda. Machozi yalinitoka bila sababu ninayoweza kuitaja, kisha yakakauka, na hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi. Nilitamani kulala nisiamke, na nilitamani hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetamani maji. Siku hizi manesi wa kliniki wana jina lake. Wakati ule kiliitwa uvivu.

Maziwa yakaanza kupungua. Mtoto alishika titi, akavuta, akaachia, akalia, akalala kwa uchovu. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, naona maziwa hayatoki." Akanibana titi kwa vidole vyake viwili, tone likatoka, akaniambia, "Hili nini? Maziwa yapo. Kisichokuwepo ni moyo." Kwa hilo hakukosea sana, na ndiyo maana liliniuma. Nikamwomba basi tumnunulie mtoto maziwa ya ng'ombe kwa wale mama wa Kisafwa waliokuwa wakipita nayo asubuhi. Akasema mjukuu wake si ndama.

Mume wangu hakuyaona hayo. Alikuwa njiani na vitambaa vyake, Tukuyu, Njombe, anarudi siku moja na kuondoka, na akirudi analala dukani kama desturi inavyotaka, maana mzazi haguswi. Alikuwa anachungulia mlangoni, anauliza, "Hamjambo?" Mama yake anajibu, "Hatujambo." Imekwisha.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa. Pilau ikapikwa, wanawake wa Kiislamu wa mji mzima wakaja, na wifi akafika kutoka Iringa, mgongoni amembeba mwanawe wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Desturi ni mtoto anyolewe, aogeshwe, atolewe nje aone jua. Aliyemnyoa ni kungwi mmoja mzee aliyeheshimika kuliko shehe. Alipomfungua nguo ili amwogeshe, wanawake waliokuwa karibu waliinama waone. Ngozi ya mapaja ya mwanangu ilikuwa imelegea kama soksi za kuazima. Kungwi akaivuta kidogo, akaiachia, ikabaki pale pale ilipovutwa.

"Huyu mtoto kabemendwa," akasema.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Kwa wasiojua: wazee wetu walishika kwamba mama anayenyonyesha akilala na mwanamume, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu mpaka afe. Akilala na mumewe ni aibu. Na mume wangu alikuwa safarini, jamani, na aliporudi alilala dukani, mtaa mzima ulijua. Hivyo kila mwanamke aliyekuwa ukumbini alipiga hesabu hiyo hiyo, wakanigeukia.

Niliapa kwa Mungu. Niliapa kwa baba yangu aliyekuwa kitandani. Mama mkwe akaniambia nisiongeze dhambi ya kiapo juu ya ile nyingine. Wakanipeleka chumbani, yeye, wifi na kungwi, wakamlaza mtoto kwenye mkeka katikati yetu.

Kungwi hakuwa mtu wa kufoka. Alizungumza nami taratibu, kama mtu anayemfundisha mwali. "Mwanangu, dawa ipo. Mizizi tunayo, tutaichemsha sasa hivi tumwogeshe. Lakini haishiki mpaka mama amtaje mtu. Usipomtaja, tutakuwa tunaogesha maiti."

Nikamtazama mtoto. Hakuwa na nguvu ya kulia, alikuwa anafungua mdomo tu na kuufunga. Na hapo, si kabla yake, mbele ya wale watatu, ndipo nilipomjua. Nilijua ni wangu, mimi ndiye niliyemzaa, na anakufa. Lilinipiga tumboni kama uchungu wa kuzaa uliochelewa. Arobaini nzima nilikuwa naomba nimpende, na siku nilipompenda nikawekewa bei.

Nikataja. Nikasema ni dereva wa lori la chumvi, alipita akielekea Nyasa. Nilichagua mtu wa kupita ili asije akapigwa mtu. Wakataka kujua anafananaje, maana kungwi alisema uongo nao hauponyi. Nikamwelezea kaka yangu: mrefu, ana mwanya, anachechemea kidogo. Siku ile sikuweza kukumbuka sura ya mwanamume mwingine yeyote. Mama mkwe akapiga magoti akalia, na katika kilio kile niliisikia furaha, sitamsingizia mtu. "Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilijua."

Mtoto akaogeshwa kwa mizizi. Akatetemeka, wakamkausha, na ili apate joto wifi akampakata. Mwana wa wifi alikuwa ameshiba amelala. Wifi akamtolea binti yangu titi.

Alinyonya mpaka maziwa yakamwagika kidevuni. Alinyonya akipumua kwa pua kama mbuzi mdogo, mkono umekamata kanga ya wifi, kisha akalala usingizi ambao sijawahi kumwona nao. Kungwi akampapasa tumbo, likawa gumu. "Dawa imeshika," akasema, na huko ukumbini wakapiga vigelegele.

Njaa. Mtoto alikuwa na njaa. Niliiona pale pale, wazi kama jua, na nikawaambia, "Alikuwa na njaa tu." Mama mkwe akaniuliza kama bado nina mdomo wa kusema. Nilikuwa nimeshakiri kwa ulimi wangu, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mume wangu aliniacha akiwa nje ya mlango. Alitoa talaka tatu kwa mkupuo, hakuingia kunitazama usoni. Kesho yake wifi alipanda lori la Iringa na watoto wawili. Nilimfuata mpaka stendi nikamshika nguo, nikamwambia, "Wifi, nichukue. Nitakufulia, nitakutwangia, nilale jikoni. Niwe karibu naye tu." Hakunitukana. Macho yake yalikuwa na huruma kabisa. Akaniambia, "Wifi, mtoto amepona kwa kutengwa na wewe. Unamtakia nini tena?" Huyo ndiye sijui nimfanyeje moyoni mwangu mpaka leo, kwa sababu aliamini.

Baada ya hapo maziwa yakaja. Ndiyo, yakaja, yakajaa, yakavimba mpaka homa. Nilikuwa nimepanga chumba Iyunga, kando ya barabara, na nilikuwa nayakamua kwenye karai na kuyamwaga nyuma ya choo. Lindi sikurudi. Habari ya kubemenda hutangulia lori, na sikutaka mama anipokee huku majirani wakimhesabia. Nikakaanga maandazi, nikawauzia vibarua wa barabara. Wanyakyusa na Wasafwa wa pale waliniita Mama wa Pwani, na hakuna aliyeuliza mama wa nani.

Niliposikia mtoto amefika umri wa kuanza chuo cha Kurani, nikapanda lori. Tangu tulipopita Igawa hadi Iringa nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia hapakuwa na dereva. Nitamwambia ulikuwa na njaa, nami nilikuwa mgonjwa, na nilijitukanisha ili upewe dawa.

Wifi alinipokea vizuri, pole na safari, maji, chai. Wanawake walikuwa uani kwake wanachagua mchele. Akamwita. Akatoka msichana mnene wa mashavu, msafi, amesukwa, ana vidole vya miguu vya kwetu. "Shikamoo," akasema. Nikaitikia. Akanitazama sana, akajiegemeza gotini kwa wifi, akauliza kwa sauti ya mtoto anayetaka kujua jambo:

"Mama anasema wewe ndiye uliyenibemenda. Kubemenda ni nini?"

Nyungo zikasimama. Mmoja akaficha kicheko ndani ya kanga. Wifi akainamia mchele wake, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto. Maneno yangu yote ya njiani nilikuwa nayo, hata moja halikupotea. Lakini ningeyasema, na yule mtoto angelala wapi usiku huo, na amwamini nani?

"Muulize mama yako," nikamwambia.

Akageuka, akapanda mapajani mwa wifi, akamuuliza.