Mrututu Kwenye Jakuzi la Lamadi

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo mapema: mimi ndiye niliyemgeuza mkwe wangu rangi ya kijani. Sisemi kwa mafumbo. Kijani cha mpunga mchanga, kichwani na kidevuni, mchana kweupe, mbele ya wazee wa ukoo wangu, siku hiyohiyo aliyokuja kuamua kama atanipa binti yake au hanipi. Chekeni tu, nimeshazoea.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa loji moja ndogo pale Lamadi, kando ya ziwa, ya wageni wanaopita kwenda Serengeti, na bosi wetu (yeye anakaa Mwanza, sisi tunamsikia kwenye simu tu) alikuwa ametuletea jakuzi. Kama hujawahi kuliona, ni beseni kubwa la kukaa watu kadhaa, maji yake ya moto, na chini kuna mashine inayotoa mapovu yanayokukanda mgongo mpaka unasahau unadaiwa wapi. Tulilizungushia wigo wa matete nyuma ya jiko na wageni wakalipenda. Shida ya jakuzi ni kwamba maji ya moto yanachacha haraka kuliko uji, ukichelewa kuyatia dawa yanaanza utelezi, kisha yanatoa harufu ambayo mgeni hawezi kuisema kwa Kiswahili lakini usoni unaiona. Tulianza na klorini ya unga, ikafanya kazi yake, ila wageni wakatoka macho mekundu wakinuka kama choo kilichotoka kusafishwa. Bosi akasema basi, kuna dawa nyingine inaitwa bromini, ni ya vidonge, inastahimili maji ya moto na haiwashi macho, ataituma Jumatatu.

"Subiri hiyo, Shija," akaniambia. "Usitie kitu kingine."

Ningesubiri, wallahi ningesubiri, kama Nyamizi asingepiga simu. Nyamizi ni mwalimu wa shule ya msingi Bariadi, na mimi na yeye tulikuwa tumeshakubaliana kila kitu isipokuwa baba yake. Baba yake ni Mzee Nkwabi wa Kimali, mfugaji na mzee wa kanisa, mtu mwenye ndevu na nywele nyeupe pee anazozitunza kuliko wengine wanavyotunza fahali. Posa yetu alikuwa ameipokea lakini jibu amelikalia. Sasa Nyamizi akaniambia baba anakuja Lamadi Jumamosi, anataka aone kwa macho yake mahali ninapofanya kazi, na jibu atalitoa palepale mbele ya wazee wangu.

"Magoti yanamsumbua," akasema. "Ukimpumzisha vizuri atakubali. Ila Shija, nakujua. Usizidishe."

Mimi kuambiwa nisizidishe ni kama kuambiwa nianze. Wazo la jakuzi likanijia hata simu sijakata: mzee wa magoti mabovu, maji ya moto, mapovu, atatoka humo akiniita mwanangu. Tatizo ni dawa. Klorini itamtoa machozi nionekane nimemtesa, bromini iko Mwanza, na maji yenyewe yalishaanza utelezi. Ijumaa nikaenda duka la dawa za mifugo kuangalia chochote cha kuokoa hali, na hapo kwenye rafu nikauona mrututu. Nyinyi mliokulia kwenye ng'ombe mnaujua, zile chenga za bluu. Kwetu Mwamanyili ng'ombe wakioza kwato tunaukoroga kwenye maji tunawapitisha humo, na wanapona. Nikajisemea, kitu kinachoshinda kuoza kwa kwato za ng'ombe, hivi vidudu vya maji ya kuoga vina ubavu gani? Halafu (na hapa ndipo nilipopotea kabisa) nikakumbuka kwamba maji ya mrututu yanakuwa bluu, bluu ileile ya majakuzi ya kwenye mtandao.

Muuzaji akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikamwambia ni mmoja tu, lakini ni mkubwa.

Nilipoukoroga, jamani, yale maji yalipendeza. Nilipiga picha nikaweka kwenye status, nikaandika "kazi ya mikono yangu", na watu wakanisifia kweli. Klorini ya zamani ilikuwa bado imo humo, sikuona haja ya kumwaga kitu kizuri.

Jumamosi wazee wangu walitangulia kufika kutoka Mwamanyili wakiongozwa na baba mkubwa Masalu, wakakaa ukumbini na makoti yao. Mzee Nkwabi akaja baadaye kidogo, kavaa kofia yake ya pama, anachechemea.

"Mwangaluka," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu, baba. Karibu. Kabla ya mazungumzo kuna maji ya moto nimekuandalia, ya magoti."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kitu cha maana. Nikampeleka mpaka kwenye mlango wa wigo na hapo nikageuka, nikampa mgongo, maana kwetu Wasukuma mkwe hamwoni mkwe wake akioga, hilo halina majadiliano, hata nyumba ikiungua unamwokoa umefumba macho. Kwa hiyo huduma yote niliitoa nikiwa nje, nimetazama jiko, napiga kelele.

"Kijana! Maji haya mbona bluu?"

"Ndiyo ya kisasa, baba!"

Mapovu yakaanza. Nikasikia mzee anaguna, kisha akacheka peke yake kama mtoto. "Kijana, haya maji yana akili. Goti limenyamaza." Moyo wangu ulijaa mpaka nikatamani Nyamizi asikie. Nikamshauri kwa sauti azamishe na kichwa, inasaidia damu kutembea (sijui nilikitoa wapi hicho). Akazamisha, nikasikia anatema.

"Yana ladha ya msumari."

"Usiyanywe, baba!"

Akaomba sabuni. Nikapitisha kipande cha mche juu ya wigo, mkono nyuma, bila kugeuka. Akajisugua, akalalamika kwamba sabuni haitoi povu, inaganda tu kwenye nywele. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Sugua zaidi, baba!" Akasugua. Baadaye mtu mmoja wa maabara alinieleza kwamba mrututu ukikutana na sabuni kwenye nywele nyeupe, rangi inashika hapohapo, tena ya kijani, kama rangi ya kitenge. Yaani mimi nilikuwa nje ya wigo namhimiza mzee ajipake.

Alipomaliza kuvaa nikamtangulia kwenda ukumbini, macho chini kwa adabu, sijamtazama hata kidogo. Tulipoingia, ukumbi ukanyamaza. Nikafurahi, nikasema wazee wangu wana heshima. Mama Kulwa, mpishi wetu, alikuwa anakuja na sinia la wali, akalitua sakafuni taratibu akarudi jikoni. Baba mkubwa Masalu akasema tuombe kabla ya kula, Mzee Nkwabi akavua pama, na mimi kwa bahati mbaya nikainua macho.

Ndevu kijani, nyusi kijani, kichwa kizima kijani kibichi, na katikati ya hayo yote uso wa mzee umetulia, umefumba macho, unasubiri maombi. Baba mkubwa akaomba. Akafumbua jicho moja, akaona, akalifumba haraka, akaanza kuombea mvua, akaombea pamba, akaombea wasafiri wa nchi kavu na wa majini. Sijawahi kusikia baba mkubwa akiomba vile, kanisani kwenyewe anasinziaga.

Na hakuna aliyemwambia! Ungemwambiaje mkwe, mgeni, mzee wa kanisa, kwamba amekuwa kijani? Tukala. Tukamjibu maswali tukitazama kuku nje. Akasema ameiona kazi yangu, ameuona utu wangu, magoti yamepoa, na yeye hana kinyongo, ila kabla hajalitamka jibu lenyewe angependa tupige picha wote ili amtumie mama yake Nyamizi. Nikasema simu yangu imezima chaji. Baba mkubwa akasema na yake. Ukoo mzima ukaapa hauna chaji. Basi mzee akatoa ya kwake, akampa Mama Kulwa, na Mama Kulwa akapiga picha huku machozi yanamtiririka na mabega yanaruka.

Mzee akaiangalia ile picha kwa muda.

"Huyu ni nani," akauliza, "aliyekaa kwenye kiti changu?"

Tulimkimbiza bombani, tukasugua na sabuni nyingine, kijani kikazidi kukolea. Ndipo baba mkubwa akajitia ushujaa akasema labda anyoe zote. Mzee Nkwabi akasimama na taulo shingoni.

"Ninyoe kichwa na ndevu? Nikishuka Kimali hivyo watu watauliza nani amekufa."

Ni kweli, kwetu mzee wa rika lake hanyoi hivihivi, ananyoa kwa msiba. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili na anatakiwa asimame mbele ya kanisa zima. Akafikiri, akavuka barabara mpaka saluni, sisi nyuma yake, akakaa kwenye kiti akamwambia kinyozi aondoe yote.

"Na wakiniuliza nani amekufa, jibu ninalo."

Sijui nini kilinituma kufungua mdomo. "Utawaambia nani, baba?"

Akanitazama usoni kupitia kioo. "Wewe."

Nilidhani ni hasira tu. Jumapili mchana Nyamizi akapiga, yuko nyumbani kwao, ananong'ona. "Shija, usije huku kabisa. Baba amesema umezama ziwani. Watu wamewasha moto wa msiba, jirani ameleta kuni, mama analia tangu asubuhi."

"Wewe ulisema nini?"

"Ningemwumbua baba mbele za watu? Nimejifunika khanga, nacheka humohumo, wanadhani ni kilio." Kisha sauti ikabadilika, akawa analia kweli. "Nimemwuliza, sasa mtu aliyekufa atanioaje? Amesema nywele zikiota nyeupe, utafufuka."

"Na zikiota kijani?"

"Basi ndiyo umekufa."

Niliumia, nawaambia ukweli. Bromini ya bosi ilifika Jumatatu, nikaitia kwenye maji mapya bila hamu, na kila jioni nilimpigia Nyamizi kuulizia kidevu cha baba yake kama watu wanavyoulizia bei ya pamba. Siku aliponijibu "nyeupe," nilikaa chini palepale mapokezi, mgeni anasubiri ufunguo. Tukaenda Kimali na baba mkubwa. Wanawake wawili walitupa ndoo waliponiona, jirani akadai kuni zake, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuniona nikiwa hai, akanizunguka pande zote.

"Ndiye huyu?" akamwuliza Nyamizi. "Mimi nililia kama aliyekufa ni mrefu."

Mzee Nkwabi akatoa jibu lake hapohapo, akanipa binti. Tangu siku hiyo nimeapa, dawa ya jakuzi nikiambiwa nisubiri nasubiri, na mrututu siugusi hata kwa ng'ombe. Mkwe wangu akija kututembelea namchotea maji ya kisima kwenye ndoo, namwekea, naondoka. Huwa anatumbukiza mguu mmoja kwanza, anautoa, anaukagua juani mbele na nyuma, ndipo anaomba sabuni.