Kinyanjui na Senti Kumi ya Juu ya Stoo

Umewahi kuona mzee wa kanisa amelala kifudifudi juu ya stoo ya watu, suti ya kijivu, tai imeingia kwenye mfereji wa maji ya mvua, anang'oa misumari ya mabati kwa koleo?

Mimi nimeona. Jumapili, jua kali, mtaa huu wetu wa Jericho.

Na nilikuwa na simu mkononi, narekodi.

Huyo mzee anaitwa Kinyanjui. Kama umewahi kupoteza funguo ukiwa Jericho, basi unamjua. Ndiye mchonga funguo wa pale sokoni, yule wa kibanda cha bluu, ambaye ukimpelekea ufunguo mmoja anakuuliza maswali kana kwamba unataka kuibia nyumba yako mwenyewe.

Hanipendi. Mimi pia simpendi. Tuanzie hapo ili usije ukatafuta msamaha huku chini. Hakuna.

Chuki yetu ni ya sarafu.

Pale soko la Burma, nyuma ya kibanda cha nyama choma cha Mativo, kila Jumapili jioni kuna watu wazima wanaokutana na sarafu zao za zamani. Usicheke. Kuna watu huku mtaani wanakusanya maex, na hakuna anayewasema.

Mchezo wenyewe tunauita kulaza. Unaketi, mpinzani wako anaketi mbele yako, katikati mnatandika gazeti. Mwamuzi anataja mwaka. Unalaza sarafu ya mwaka huo, naye analaza yake. Ukikosa, anachagua moja kati ya zako na kwenda nayo. Ukilaza isiyosomeka, ni sawa na umekosa.

Mwamuzi ni Mama Fadumo, anayeuza vito vya fedha kule Eastleigh. Mama huyu hacheki, hanywi soda ya mtu, na akishasema amesema.

Sheria yake kubwa ni moja. Hatuulizi ulitoa wapi. Tunauliza mwaka gani.

Halafu kuna ile ya kuogopwa. Mtu akikamilisha laini ya senti kumi za tundu, zile za mkoloni, kila mwaka uliotolewa, anabeba laini nzima ya mpinzani wake. Unarudi nyumbani na gazeti.

Kinyanjui alibakisha mwaka mmoja tu. 1918.

Mimi pia. 1918.

Zake ziko kwenye albamu ya ngozi, kila moja na dirisha lake la plastiki, zinang'aa kama meno ya bandia. Anazipitisha kwenye ile brashi ya waya ya mashine yake ya funguo, ile ya kulainisha meno ya ufunguo mpya. Jumamosi ukipita pale sokoni unaisikia ikilia. Akifungua albamu, watu wanakunja macho.

Zangu ziko kwenye mkebe wa biskuti. Kila moja imefungwa kwa kipande cha karatasi ya unga. Nyeusi, kijani, kahawia, vile zilivyozeeka.

Mkebe si wangu kusema kweli. Ni wa Kuka Wakoli. Kuka, ndivyo tunavyomwita babu kwetu Bungoma. Alifanya kazi ya mitambo kule Industrial Area tangu kijana mpaka mgongo ukakataa, na chochote alichoshika alikishika kwa vidole viwili, pembeni. Ukimwambia asafishe sarafu anakuuliza kama na wewe huwa unaoga kwa msasa.

Na mpaka anaaga dunia alikuwa na neno moja. Laini yangu imekamilika.

Unafungua mkebe, karatasi ya 1918 haina kitu ndani. Unamwambia, Kuka, hapa pako wazi. Anafunga mkebe na kucheka. Imekamilika.

Sasa hapo ndipo Kinyanjui alinipata.

Jumapili moja pale Burma, watu wamejaa, mbuzi nusu iko mezani, akanitazama juu ya miwani yake.

"Babu yako alikuwa fundi mzuri, Patrobas," akasema. "Lakini mdomo wake ulikuwa na tundu kubwa kuliko sarafu zake."

Watu walicheka mpaka Mativo akaweka kisu chini.

Mimi ndiye huwa nachekesha pale. Siku hiyo nilichekwa mimi. Nikabeba mkebe nikaenda.

Wiki nzima nilikuwa natafuta jinsi ya kumchoma.

Nyuma ya nyumba yetu kuna stoo ya mabati, Kuka aliijenga mwenyewe. Wakati ule senti za tundu zilikuwa zimekwisha nguvu, hazinunui hata peremende, kwa hivyo mafundi walizitumia kama washa za misumari. Msumari unapita kwenye tundu, sarafu inabana bati, maji hayaingii. Paa letu limejaa hizo. Juu yake Kuka alipaka lami, zote zikawa vidoti vyeusi. Nimeziona tangu nikiwa mtoto. Nilijua ni zile za bei ya mchanga, za miaka ya mwisho ya mkoloni.

Nilidhani najua.

Basi Jumamosi nikaenda kusimama karibu na kibanda cha bluu, simu sikioni, hakuna mtu upande wa pili. Nikaongea kama nimejificha, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika. Nikasema mathe, mama yangu, amepata fundi, stoo inabomolewa Jumatatu, mabati yanaenda kwa watu wa vyuma chakavu. Nikasema ni sawa, ila Jumapili jioni lazima nipande nitoe ile 1918 ambayo Kuka aliipigilia kule juu.

Mashine ya funguo ikanyamaza.

Sikugeuka. Nilitembea polepole, kicheko kimenikaba kooni kama mfupa.

Kesho yake, mathe akiwa bado kwenye mkutano wa akina mama kanisani, jamaa akaja. Hakupita hata nyumbani kubadilisha suti. Alipanda kwa pipa la maji, akajivuta kama mjusi aliyeshiba, akaanza kung'oa.

Niliita ploti nzima, majirani wote. Kimyakimya kwanza, tukasimama nyuma ya kamba ya nguo. Msumari wa kwanza, anakwangua lami kwa ufunguo, anatema mate, anasoma, anatupa. Wa pili, anatupa. Tai iko kwenye mfereji.

Kisha nikatoka, simu juu.

"Mzee wa kanisa, niaje? Sadaka mnakusanya juu ya mapaa siku hizi?"

Watu wakapasuka. Wamama walikaa chini. Kuna jirani alimwomba amwangalizie antena akiwa hukohuko.

Kinyanjui aliendelea kung'oa. Alikuwa amefika kwenye msumari wa kona, ule ulio juu ya mlango. Akakwangua. Akatema mate. Akapangusa kwa tai yake mwenyewe.

Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma Injili.

"Elfu moja, mia tisa, kumi na nane."

Nilidhani ananirudishia mzaha.

Akateremka, akaja mpaka usoni kwangu, akafungua kiganja. Lami imetoka upande mmoja. Herufi zimesimama, kali, kama zimetoka kiwandani juzi. Lami ilikuwa imezitunza miaka hiyo yote.

1918.

Kicheko changu kilikufa kikiwa mdomoni.

Kuka hakuwa na tundu mdomoni. Aliipigilia pale juu, mahali ambapo hakuna mwizi angetafuta, juu ya mlango ambao mimi nilipita kila siku kuchukua makaa.

"Hiyo ni yetu," nikasema. "Umeitoa kwa paa letu. Niko na video."

"Ipeleke Burma hiyo video," Kinyanjui akaniambia. "Halafu umuulize Mama Fadumo kama huwa tunauliza mtu alitoa wapi."

Alikuwa sawa. Mimi mwenyewe nimewahi kulaza sarafu ambazo ningeulizwa zilikotoka ningehama mtaa.

Akanipiga begani na kile kiganja kichafu. Akaniambia nije na mkebe jioni, nisije na huzuni nyingi kwa sababu hana karatasi ya kunifutia kamasi.

Fikiria hapo. Uongo wangu mwenyewe umempandisha kwenye paa langu mwenyewe, ametoa sarafu ya babu yangu, na jioni atabeba mkebe. Na watu wa ploti wananitazama mimi sasa.

Nilikuwa nimebaki na silaha moja tu, hii niliyozaliwa nayo.

"Hongera, buda," nikamwambia. "Lakini utailaza hivyo kweli? Imevaa lami kama tairi. Ukiiweka karibu na zako zinazong'aa, watu watasema umelaza kifuniko cha soda kilichokanyagwa na lori."

Mtu mmoja akacheka. Halafu wote.

Kinyanjui akaitazama sarafu. Akaitazama tena.

Akaenda bila kuaga.

Siku ya Jumapili huwa hafungui kibanda, ni mzee wa kanisa. Jumapili ile alifungua. Nilipita sokoni mkebe ukiwa kwapani, nikasikia ile brashi ya waya ikilia. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Lami ni ngumu kutoka.

Ningeweza kuingia nikamwambia acha. Nilijua brashi ile inafanya nini.

Nilinunua njugu nikaendelea na safari.

Burma ilikuwa imejaa kuliko siku yoyote. Habari zilikuwa zimetangulia. Mativo alikuwa ameacha hata kukata nyama. Gazeti likatandikwa, Mama Fadumo akavaa miwani yake.

Tukalaza mwaka baada ya mwaka. Yake inang'aa, yangu nyeusi. Yake inang'aa, yangu nyeusi. Hakuna aliyekosa. Mpaka Mama Fadumo akataja ule mwaka.

Mimi nikafungua karatasi tupu. Kukawa na minong'ono.

Kinyanjui akasimama. Alisimama kweli, kama anayetoa ushuhuda. Akatoa leso, akaifungua, akalaza.

Haki ya Mungu, iling'aa. Ilikuwa kama kioo kidogo chenye tundu.

Akanyoosha mkono kuchukua mkebe. Vidole vyake viligusa kifuniko.

"Ngoja," Mama Fadumo akasema.

Aliichukua, akaigeuza. Akaiinamisha kwenye mwanga. Akapitisha ukucha, upande huu, upande ule. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akatazama mpaka nikasahau kutafuna.

"Kinyanjui. Hii ni mwaka gani?"

"Si nimekwambia, Mama. Kumi na nane."

"Sikuulizi wewe unasema nini. Hii yenyewe inasema nini?"

Akamrudishia. Akaitazama. Ilikuwa laini kama kifungo cha shati. Hakuna mwaka, hakuna herufi. Tundu tu, na uso wake mwenyewe ukimtazama kwa chini.

Akaanza kubabaika. Ilikuwa imeandikwa, watu waliisikia, aliisoma mwenyewe kule juu ya stoo. Hata akanigeukia mimi.

"Patrobas, waonyeshe video. Si ulirekodi?"

Mimi kuombwa msaada na Kinyanjui. Nilitafuna njugu moja mpaka mwisho.

"Mzee, hapa hatuulizi ulitoa wapi," nikamwambia.

Pale Burma palitetemeka. Kuna mtu alimwagia mwenzake supu.

Mama Fadumo hakucheka. Alisema sote wawili tumekosa, kwa hivyo hakuna anayebeba laini, kila mmoja achague moja ya mwenzake.

Kinyanjui alichagua kwa hasira, sarafu moja nzee niliyokuwa nayo mbili.

Ikawa zamu yangu. Albamu yote ya ngozi iko wazi mbele yangu. Watu wakaanza kunishauri, chukua ile, chukua hii, muumize.

Nikachukua ile isiyo na mwaka.

"Hiyo ni washa," Kinyanjui akasema. Sauti haikuwa na nguvu.

"Najua. Ilikuwa washa yetu."

Nilifika nyumbani nikamkuta mathe ameweka sufuria chini ya tundu la ule msumari, pale mlangoni pa stoo, manyunyu yameanza. Mathe anaitwa Nasambu, na akinyamaza hivyo ujue ameshaambiwa yote na jirani.

Nikamchezea video. Kinyanjui juu ya bati, tai kwenye mfereji, sauti yake ya Injili. Elfu moja, mia tisa, kumi na nane.

Mathe akaniambia nirudishe nyuma. Akasikiliza tena.

"Kwa hivyo mzee hakudanganya," akasema.

"Hakudanganya."

"Iko wapi?"

Nikaifungua kwenye karatasi yake ya unga. Aliishika kwa vidole viwili, pembeni, kama Kuka. Akaigeuza mara nyingi, akitafuta kitu ambacho hakipo.

"Ulimwambia huyo mtu aisafishe?"

"Nilimtania tu."

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliirudisha kwenye mkebe, mahali pake, akafunga, akaenda kusogeza sufuria kwa sababu maji yalikuwa yamehamia upande mwingine.

Kwa hivyo mkebe bado uko kwetu. Laini imekamilika, ila katikati kuna moja bubu. Ushahidi wa babu yangu uko kwenye simu yangu, kwa sauti ya adui yake. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, namtumia Kinyanjui hiyo video. Amenifungia namba mara kadhaa. Nina marafiki wengi wenye simu.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee aliyekuwa akisema kitu na mnamwona mwongo, kabla hujamfanya mtego wa kumnasia mtu, chukua ngazi upande mwenyewe uangalie. Mimi nilipita chini ya ile sarafu maisha yangu yote nikitafuta makaa.

Na kama unahitaji funguo, nenda Makadara. Yule wa Jericho siku hizi ana hasira, anachonga mpaka meno yanaisha.