Kaburi Chini ya Mnara

Roselyne aliisoma ratiba ya ziara mara mbili, akiwa amesimama mlangoni mwa basi la shule. Wasichana kumi na wanne wangepelekwa Ireland kuona ngome na makanisa ya kale, na siku ya nne mnara wa watawa wenye umri wa miaka elfu moja. Chini ya mnara huo amezikwa Sista Una, aliyemsomesha Roselyne kutoka Bungoma hadi chuo cha ualimu, kisha akarudi kwao kuzeeka. Alipofariki, Roselyne alikuwa tayari Doha, akiwafunga watoto wa watu mikanda ndani ya basi la shule.

Wazazi walitaka mwanamke wa kulala karibu na mabinti. Mkuu wa shule akamteua yeye. Ilikuwa Machi 2014, na visa ilitoka.

"Mama Majuu!" Omondi, dereva wa basi, hakumpa nafasi. "Chokoleti nitakula. Picha za makaburi kaa nazo mwenyewe."

"Nitakuletea jiwe. Likae hapo mbele likufunze kunyamaza."

Asubuhi, basi likielekea shuleni, aliwasimulia wasichana aliyoyasikia kwa Sista: mlango wa mnara uko juu, watawa walipanda kwa ngazi kisha wakaivuta ndani, adui akabaki chini akizungukazunguka. Kanisani Mesaimeer, hapa Doha, ambako mimi naye husali pamoja, alinionyesha baada ya misa rozari ya mbegu aliyopewa na Sista siku ya kipaimara.

"Namrudishia," aliniambia. "Nimwambie nimefika."

Ijumaa alfajiri, uwanja wa ndege, afisa alitazama kompyuta yake akatikisa kichwa. Hakuna ruhusa ya kutoka nchini. Ruhusa ile hutolewa na mwajiri tu. Shule ilidhani kampuni iliyomwajiri Roselyne imeiomba. Kampuni ilidhani ni kazi ya shule. Ofisi zimefungwa hadi Jumapili, na meneja hapokei simu.

Alimpa rozari Nur, msichana wa miaka kumi na mitano, pamoja na karatasi yenye jina.

"Iweke tu juu ya jiwe lake, mwanangu."

"Wallahi nitaiweka, Miss Rose."

Baada ya siku tisa Nur alipanda basi, rozari ikiwa bado ndani ya leso.

"Mnara tuliuona. Mlango uko juu, kama ulivyosema."

"Na kaburi?"

"Mvua, Miss. Mwalimu alitukataza kushuka, akasema tumechelewa. Nilimwomba, wallahi." Akamwonyesha picha kwenye simu: kioo cha dirisha, matone, kitu cha kijivu nyuma yake.

"Asante. Funga mkanda."

Omondi aliwasha gari. Jiwe lake hakuliulizia kamwe.

Mwaka 2018 sheria ikabadilika. Watu kama Roselyne wakaruhusiwa kutoka bila kuomba. Lakini shule ilikuwa imeshaacha kwenda Ireland, wasichana walisema kuna baridi na hakuna maduka. Kwa gharama yake mwenyewe hatafika, naye anajua. Rozari iko kwenye sanduku chini ya kitanda chake. Siku hizi hata misani haji nayo.