Msikilizaji wa Meza ya Tatu

Kazini walimwita Masikio, na jina hilo mwanamke huyu hakulikataa, maana alikuwa amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa meza ya tatu kutoka dirishani, ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la matairi, spika za masikioni kichwani, akisikiliza redio ya nchi jirani. Alichosikia alikiandika, alichokiandika alikitafsiri, na karatasi ikafika kwa mkuu wa zamu kabla haijapoa kutoka kwenye mashine. Wenzake lugha ya huko walijifunza shuleni. Yeye alinyonya nayo, kwa kuwa mama yake alizaliwa ng'ambo na kuvuka mpaka akiwa mke wa mtu. Wao walijua maneno; yeye alijua hata mtangazaji anapomeza mate.

Sharti la kazi lilikuwa moja: andika kilichosemwa, si unachodhani kimesemwa. Pasiposikika, andika "haisikiki" na uendelee. Zikitoka pale, karatasi zilinakiliwa katika majalada mawili, la kijani na la njano, yakapelekwa kwenye balozi mbili za mataifa makubwa yaliyokuwa yakilipia chumba kile kwa pamoja tangu enzi zilipokuwa bado zinapatana. Wafanyakazi walizoea kuyaita mataifa yenyewe Kijani na Njano. Ulikuwa mzaha wa kupitishia siku, na kwa miaka mingi haukumuumiza mtu.

Kisha nchi jirani ikapata marais wawili.

Kura zilihesabiwa siku tatu, hesabu ikasimamishwa, na siku ya nne watu wawili wakala kiapo kwa wakati mmoja: mmoja katika mji mkuu, jeshi likiwa nyuma yake, mwingine katika mji wa mtoni, akiwa na nusu ya wabunge na umati wa watu. Asubuhi yake Kijani akampongeza yule wa mtoni. Kabla ya chakula cha mchana Njano akampongeza yule wa mji mkuu. Wiki haikuisha Kijani alikuwa na ndege za kivita kwenye kisiwa cha jirani, na Njano ana washauri mia nne wenye viatu vya kijeshi. Kila mmoja alisema amekuja kulinda amani.

Masikio alikuwa na mtu kwenye mji wa mtoni. Mdogo wake, wa tumbo moja, aliolewa huko na fundi wa pampu za maji, naye mwenyewe alikuwa mkunga wa zahanati. Kila Jumapili walipigiana simu, na mama yao, ambaye hakuwahi kuziamini simu, aliongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa bonde. Sasa likatoka agizo kazini: hakuna kupiga simu ng'ambo, hata ya salamu. Jumapili ya kwanza Masikio alimwambia mama yake kwamba mitambo imeharibika. Ya pili akasema bado wanatengeneza. Bibi yule alimtazama tu, akaendelea kuchambua mchele.

Hofu ilimwingia kidogo kidogo, kwa njia ya masikio kama vitu vyote vyake. Kulikuwa na mtangazaji wa habari za asubuhi ambaye alikuwa amemsikiliza tangu alipoanza kazi. Hawakuwahi kuonana, lakini alijua mafua yake, alijua alipofiwa, alijua siku alizokuja kazini kwa furaha. Jumatatu moja bwana yule alisoma taarifa kwa pumzi fupi fupi, kama mtu aliyesimamiwa nyuma ya kiti. Jumanne ilisoma sauti nyingine, changa, isiyojua hata kutamka majina ya wilaya. Masikio aliandika taarifa yote neno kwa neno. Karatasi haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu amepotea.

Jumatano saa nne asubuhi redio ya mji mkuu ikakatiza muziki. Akaongea kamanda wa majeshi ya rais wa huko, yule anayesaidiwa na Njano. Aliongea dakika sita, na mwishoni akautaja mji wa mtoni kwa jina, akasema: "Tutaufunika mji ule kabla ya Ijumaa kuisha."

Mkono wa Masikio ukasimama. Katika lugha ya mama yake, kufunika ndilo neno la mama anayemtupia mtoto shuka asipigwe na baridi. Ndilo hilohilo la kumfunika maiti uso. Anayesikiliza hujua ni lipi kwa kumjua anayesema. Alirudisha sauti ile nyuma mara kumi na moja, akitafuta chuki au huruma katika koo la mwanamume yule, asipate hiki wala kile. Akaandika "kufunika", na pembeni akaweka maelezo mistari miwili.

Mkuu wa zamu, mzee mwema aliyebakiza miezi minane kustaafu, alisoma, akavua miwani. Akasema kwa upole kwamba huko zinakokwenda karatasi hizi hakuna anayesoma pembeni. Ama mji unalindwa ama unaangamizwa. Masikio akamjibu kwamba hajui. Mzee akaiacha karatasi kama ilivyo, akaigonga muhuri.

Jioni, wakimenya viazi jikoni, Masikio alimsemea mama yake sentensi ile bila kueleza imetoka wapi. Mama akauliza, "Kasema nani? Mzazi au askari?"

"Askari."

Bibi aliweka kisu chini. Maji yalipochemka na kumwagikia moto, akasema, "Mwite mdogo wako aje nyumbani."

Masikio alitoka uani, akasimama nyuma ya kamba ya nguo. Alijua agizo. Alijua pia kwamba laini zote za kuvuka mpaka zilikuwa na watu wengine ndani yake, kwani kusikiliza ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote na hakujidanganya kwamba yuko peke yake. Hata hivyo akapiga. Mdogo wake alipokea akicheka, akasema anamsikia kama yuko chumba cha pili. Masikio akamwambia mama anaumwa, aje.

"Anaumwa nini, dada?"

"Njoo tu. Njoo kabla ya Ijumaa."

Kicheko kikakatika. Mkunga alisema ana wajawazito watatu wa siku zozote, hawezi kuwaacha. Kisha akauliza, taratibu, kwa nini kabla ya Ijumaa. Walisikilizana pumzi, halafu laini ikafa yenyewe.

Kesho yake, Alhamisi, aliitwa ofisini kwa mkuu. Mzee alikuwa amesimama dirishani, hakugeuka. Kwenye kiti cha wageni alikaa bwana mmoja mtaratibu kutoka ubalozi wa Kijani, shati limepigwa pasi, aliyeongea lugha yao vizuri kuliko baadhi ya wenyewe. Alimkaribisha Masikio akae, akammiminia maji, akamwita "mama" kila baada ya maneno matatu. Akasema wakubwa zake wanakutana mchana ule kuamua kama ndege ziruke au zisiruke. Wanahitaji neno moja tu, na saini ya mtu anayeijua lugha. Akasukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa imeshaandikwa: kuangamiza.

Masikio akasema neno lina sura mbili, na zote mbili ameziandika.

"Mama, wakubwa zangu hawawezi kurusha nusu ya ndege."

Akasema asiposaini, wa Njano watasaini kulinda, na mji utaachwa ukimngoja kamanda. Masikio hakuweza kulipinga hilo, na ndilo lililomtia baridi. Ndege zikiruka, mabomu yangeangukia jeshi la kamanda lililokwisha kufika kwenye nyumba za pembeni za mji, umbali wa kutembea kutoka zahanati. Zisiporuka, jeshi lingeingia. Katika yote mawili alimwona mdogo wake amejiinamia juu ya mwanamke mwenye uchungu, mgongo wake ukiwa umeelekea mlango.

Akasema tena kwamba hajui. Bwana yule akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatoa kidude kidogo mfukoni, akabonyeza. Sauti ya Masikio ikajaa chumbani, na nyuma yake upepo ukipiga nguo kwenye kamba. *Njoo tu. Njoo kabla ya Ijumaa.*

"Unajua," alisema yule bwana. "Usingalijua, usingalimwita."

Baadaye, alipomsimulia mama yake, alisema alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe. Alitaka kusema mengi, ila yaliyotoka yalikuwa haya:

"Nilimwita kwa sababu naogopa. Kuogopa si kujua."

Hakusaini. Bwana wa Kijani hakufoka wala hakutisha. Aliitazama saa yake, akaivuta karatasi, akaitelezesha juu ya meza hadi upande wa mzee wa zamu. Mzee aligeuka kutoka dirishani. Macho yake yalikwepa ya Masikio. Akasaini, akiwa amesimama, kwa kalamu ya mgeni.

Masikio aliambiwa arudi nyumbani mpaka atakapoitwa. Alitembea kwa miguu, kwa kuwa alihofia kukaa karibu na mtu yeyote. Gari jeupe lililopunguza mwendo kando yake lilimfanya aingie kwenye duka la vyombo, na akatoka na sufuria asiyoihitaji.

Ijumaa alasiri ndege zilipita. Huku kwao hazikuonekana. Zilisikika tu, mvumo mzito uliotikisa vikombe kabatini, na watoto wa jirani wakakimbilia nje kutazama. Mama yake aliketi kitandani, kitambaa mdomoni. Jumamosi kila redio ilisema lake. Ya Kijani ilisema mji umeokolewa, ya Njano ikasema mji uliokuwa ukilindwa umechomwa na wageni. Kamanda alikufa kwenye mashambulio yale. Alichokikusudia kwa neno lile alikwenda nacho.

Siku nane hapakuwa na habari. Masikio alikosa hamu ya kula, akawa anafua nguo safi. Akisikia pikipiki inasimama mlangoni alijificha chooni, halafu akajionea aibu, mwanamke wa miaka hamsini na moja. Mama yake hakulala mbali naye.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, mdogo wake aliingia uani kwa miguu yake, mavumbi mpaka kwenye kope, amembeba mtoto wa watu mgongoni. Alikuwa ametoka Alhamisi alfajiri ndani ya lori la maji, pamoja na wajawazito wake watatu. Mmoja alijifungulia njiani, lori likiwa limezimwa kichakani, wakiwa wamemziba mdomo asisikike. Mwanamke yule hakuamka tena, na mtoto wake ndiye huyo. Fundi wa pampu alikataa kupanda lori. Alisema mji hauwezi kubaki bila maji.

Alimkuta mama yao amesimama mlangoni, mzima wa afya. Alimtazama kutoka juu hadi chini, akamgeukia dada yake. Masikio alifungua mdomo kujieleza, lakini mdogo wake alimkabidhi tu mtoto, akaenda kukaa kivulini. Hakuinuka hadi adhuhuri.

Simu ya shemeji ilikuja wiki ya sita, kwa namba wasiyoijua. Yu hai. Pampu inafanya kazi. Upande wake wa mto sasa unashikiliwa na watu wa Njano, upande mwingine na watu wa Kijani, na daraja halivukwi. Aliongea dakika mbili kuhusu mvua na bei ya saruji, kwa sauti ya mtu anayemsalimu karani, na mke wake akamjibu vilevile.

Mzee wa zamu alistaafu kabla ya muda wake, bila sherehe. Baada ya miezi mitatu Masikio aliitwa arudi, kwa kuwa hakupatikana mwingine aliyeijua lugha kama yeye. Alifikiri sana kukataa. Kilichompeleka ni kumfikiria mtu mwingine akikaa kwenye kiti kile, mtu asiye na ndugu ng'ambo, mwepesi wa kalamu. Siku ya kwanza aliandika kurasa nne, na kila alipoinua macho kulikuwa na mgeni mmoja asiyemjua karibu na mlango, gazeti limefunuliwa ukurasa uleule.

Mkunga alipata kazi kwenye zahanati ya mtaa wa pili, na mtoto, ambaye sasa ameanza kusema, anamwita bibi yule nyanya. Nyumba imejaa kuliko zamani, lakini haina kelele. Simu ikiita, wanawake wote watatu huitazama namba kwanza, kisha hutazamana, ndipo mmoja wao anaipokea.