Nani Amewapa Fimbo Wote Wanne?

Isiolo, Jumatatu

Kwako Admin,

Tafadhali ficha jina langu. Shemeji yangu anafuata ukurasa huu na ni mwepesi sana wa kushauri watu hapa. Akijitambua, basi itakuwa mara yake ya kwanza kusoma kitu hadi mwisho.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa. Nilisoma hadi kidato cha pili. Mume wangu alifariki mwaka jana wakati wa mvua ndefu. Alikuwa karani wa soko la mifugo, na kazi yake sasa naifanya mimi. Mnyama akipotea, mwenyewe huja kutueleza alama aliyomchoma, halafu tunatangaza kwa spika za sokoni kwa lugha nne: Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kisamburu.

Programu ya kutangaza aliiandika mume wangu mwenyewe, jioni, akipuliza chai ambayo tayari ilikuwa imepoa. Haitoi sauti yenyewe. Inaita programu nyingine iliyo kwa kompyuta, ile ya kucheza sauti, inaipa tangazo moja, inangoja. Ile ikimaliza inarudisha jibu kwamba imemaliza salama, ndipo inaitwa tena na tangazo la lugha ya pili. Ikikwama, inafungwa hiyo moja tu, kwa namba yake, bila kugusa zingine. Nilimuuliza kwa nini isiharakishe. Akaniambia, "Mama, umeshaona wazee wakikutana? Mwenye fimbo ndiye anaongea. Akiketi, fimbo inapewa mwingine." Katikati ya maagizo ya ile programu aliandika kwa Kiswahili: *Ngoja amalize. Usimkate mtu akiongea.*

Kila tangazo huanza kwa sauti yake aliyoirekodi: "Nyamazeni kidogo, kuna mwenzenu amepotelewa." Kabla ya kusema hivyo anakohoa. Nilimwambia aondoe hicho kikohozi, akakataa. Alisema watu wakisikia kikohozi wanajua ni mtu.

Miezi mitatu iliyopita shemeji alikuja kutoka Nairobi na viatu vyeupe. Alisomea kompyuta, jambo ambalo hutuambia kabla hatujauliza. Alifungua kazi ya ndugu yake akacheka mpaka akashika meza.

"Shem, hii ni programu gani? Haifanyi kitu yenyewe, ni kutuma wengine tu. Huyu alikuwa boss wa nani?"

"Na wewe tangu ufike umefanya nini mwenyewe?" nikamuuliza. "Chai umeitisha mara tatu."

Aliandika ya kwake. Akatoa mahali pa kungoja, akisema kungoja ni ushamba. Yale maneno ya Kiswahili pia akayafuta, eti ni uchafu.

Siku ya soko alibonyeza mbele ya kamati nzima ya soko. Lugha zote nne zililipuka pamoja, na marehemu wangu akikohoa katikati yao kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Mbuzi walivunja boma. Mzee mmoja Mborana, ambaye hata kuongea huwa anaona uvivu, alisimama akauliza, "Leo nani amewapa fimbo wote wanne?" Soko lote likaangua kicheko.

Shemeji alibonyeza tena, zikawa nane. "Ni netiweki," akasema. Ile laptopu ya soko haijawahi kuunganishwa na netiweki yoyote. Halafu, kwa kuwa hakuwa ameweka njia ya kujua ameita nani na nani, aliandika agizo la kuua kila kitu kilichokuwa wazi. Kimya kikarudi. Lakini orodha ya alama niliyokuwa nachapa tangu asubuhi, ambayo sikuwa nimehifadhi, ikapotea nayo. Nilimrudia mama mmoja kutoka Kipsing aliyekuwa ameketi na kijukuu chake mgongoni, nikamwomba anieleze upya alama ya ng'ombe wake. Akasema, "Mimi nimeongea asubuhi. Nani amemeza maneno yangu?"

Sasa naungama. Jioni hiyo nilitoa flashi ya mume wangu kwa kopo la majani chai, nikarudisha programu yake bila kumwambia mtu. Wiki iliyofuata kila kitu kilienda vizuri. Mwenyekiti wa kamati akampongeza shemeji kwa kurekebisha haraka hivyo, naye akapokea sifa mikono mfukoni. Hakufungua hata kuangalia ni nini alichorekebisha.

Ijumaa hii kuna wageni wanaokuja kuona jinsi tunavyotangaza. Shemeji atabonyeza mbele yao, kisha kamati itampa barua inayomtaja yeye kama mtu aliyeitengeneza, na laptopu itakuwa yake. Jina la mume wangu halimo popote. Nilipomweleza mama mkwe, alisema, "Mjane akiaibisha ndugu wa mumewe mbele ya watu, atarudi kwa boma gani?" Ananipenda, najua. Lakini aliyezikwa pia ni mwanawe.

Nina flashi mbili mezani. Moja ni ya mume wangu. Nyingine ina ile kazi ya shemeji, kama alivyoiandika, sijagusa hata herufi. Nikiweka yake, sitakuwa nimesema neno lolote baya. Atasifiwa kwa kazi yake mwenyewe, na wageni watasikia wote wanne. Nikiacha ya mume wangu, itaenda vizuri, na jina la marehemu litafutwa kwa makofi. Au nisimame nidai fimbo, mimi wa kidato cha pili, niseme ni ya nani?

Nishaurini kabla ya Ijumaa, nifanye nini?

Na mkipita soko letu mkasikia mwanaume akikohoa kidogo kabla ya tangazo, huyo ndiye. Mkumbukeni.