Fremu ya Kike Niliyoikataa

Kama hakuna mtu wa kanisa letu amewaambia kwa nini siku hizi nikisimama kutoa ushuhuda akina mama huanza kukohoa, basi wacha nijiseme mwenyewe, maana wao wataongeza chumvi, na aibu yangu hata bila chumvi inanitosha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Machakos. Shule niliionja tu (mwalimu alipenda kiboko na mimi sikumpenda mwalimu), lakini mageti mengi mnayofungua asubuhi ni kazi ya mikono hii. Sasa goti la kulia likaanza kuniringia, kutembea mpaka karakana ikawa taabu, na kijana wangu Mutua, anayekaa Syokimau, akaniambia kwa simu, "Baba, funga hiyo karakana upumzike. Jumapili nakuja tuongee." Kupumzika! Mimi nikikaa nyumbani nitakufa kabla mbaazi zikomae. Nikaamua nitajitengenezea baiskeli ya stima ya kunipeleka kazini, na Mutua akija anikute juu yake.

Mota nilipata, ile inakaa ndani ya gurudumu la nyuma, na betri nikapata. Shida ikawa fremu. Zile nyepesi za alumini za mtumba nilizikataa, kwa sababu mashine yangu inajua chuma, alumini inaitoboa kama karatasi. Zikabaki mbili. Kulikuwa na ile bibi yangu, Mama Mutua, alikuwa anabebea maji, ya kike, chuma cha mbele kimeinama chini. Halafu kulikuwa na yangu ya zamani, kubwa, nyeusi, chuma cha juu kimenyooka kama boriti ya nyumba.

"Baba Mutua, chukua yangu," bibi akasema. "Hilo goti halivuki hicho chuma."

"Nipande baiskeli ya kike mpaka kanisani? Afadhali nitambae!"

(Hapo ndipo nilijiroga.)

Nikatumia ile kubwa. Betri nikaona ikikaa katikati itagonga magoti, nikaifunga nyuma kwa keria, sanduku likapanda juu kuliko kiti, na kitu sikuona nikijisifu ni kwamba sasa mguu haungeweza kupitia nyuma, lazima uvuke kwa mbele, juu ya chuma. Nyumbani nilikuwa napandia kwa ngazi ya mlango. Uwanja wa kanisa hauna ngazi.

Jumapili tulipotoka ibada, mnada ulikuwa umeanza, ule wa sadaka za shamba, kuku, maboga, na siku hiyo mbuzi dume. Mutua alikuwa amefika, amesimama na mama yake. Nikasema leo ndiyo leo. Nikashika usukani, nikainua mguu wa kulia, goti likakwama juu ya chuma, nikavuta usukani ili nijiinue, na ule mkono wa kulia, jamani, ndio wa kuongeza mwendo.

Baiskeli ikaondoka. Mguu mmoja uko juu ya chuma, mwingine unarukaruka kama kuku amefungwa, na mtu anayeanguka hashiki kitu polepole, anakaza, na nikikaza ndivyo inazidi kukimbia. Nikainua mkono wa kushoto watu watoke njiani.

"Baba Mutua ameinua mkono!" mwenye mnada akapaza sauti. "Mbuzi imeenda!"

Kweli ilienda. Kamba yake iliingia kwa gurudumu la mbele, baiskeli ikasimama, mimi sikusimama. Nikatua kwa maboga, suruali imepasuka kutoka kiunoni mpaka karibu na goti.

"Mwaitu! Mama yangu! Wanaume, geukeni!" Akina mama wakanizunguka na leso zao wakawa ukuta, mmoja akinifunga leso kiunoni huku machozi ya kicheko yanamtoka. "Mzee, ungesema tu unataka mbuzi, tungekuletea!"

Mutua akaja. Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. "Baba, umejionea. Kesho tunafunga karakana."

Nimekaa chini, nimevaa leso ya maua.

Mama Mutua ndiye alijibu. "Hiyo baiskeli inatembea ama haitembei? Kilichomshinda ni chuma kimoja, na nilimwambia, ni vile baba yako haambiwi. Toa hilo koti ufungue nati."

Basi mchana ule kijana wangu, na viatu vyake vya ofisi, alipiga magoti kwa vumbi la karakana akahamisha gurudumu lenye mota kwa fremu ya mama yake, mimi nikachomelea kikalio cha betri pale chini. Nikapitisha mguu kama mtu anayeingia kwake. Nikaenda mpaka barabarani, nikarudi. Mutua akazunguka nyuma ya baiskeli.

"Weka taa ya nyuma, Baba," akasema. Habari ya kufunga hakuitaja tena.

Mbuzi nililipia, sadaka hairudishwi, nikawachinjia wale mama wa leso, na Mungu awazidishie. Nimeapa mke wangu akiniambia chuma ni kirefu, sitaenda kukipima na suruali. Na nyinyi wazee mnaonipigia mluzi nikipita na baiskeli ya kike, pigeni tu. Mkichoka, njooni karakana. Niko hapo kila asubuhi, na nafungua mwenyewe.